Mgeni wa Queen

Queen alikuwa mtoto wa kujibu kwa Kiingereza. Umsemeshe Kiswahili, akuelewe vizuri tu, kisha akurudishie kizungu bila aibu, kama watoto wenzake wote wa yale maghorofa ya Adelphi, Maryland. Mama yake, Genoveva, alishajaribu yote: kubembeleza, kununa, kujifanya kiziwi mpaka aombwe maji kwa Kiswahili. Mtoto aliona heri akae na kiu. Kwa hiyo asubuhi ile, siku chache baada ya kurudi kutoka safari yao ndefu ya magharibi, Queen alipovuta kiti mezani na kusema, "Mwanangu, nipe maji ya kunawa, safari imenichosha," Genoveva hakulisikia hilo neno "mwanangu". Alisikia Kiswahili tu. Alimkumbatia mtoto kwa furaha, akamletea maji kwenye bakuli.

Queen alinawa polepole mpaka kwenye viwiko, akakung'uta vidole, akamega mkate kwa mkono wa kulia. Alikuwa na miaka sita, na mpaka wiki ile alikuwa bado anajifutia jemu kwenye nywele.

Safari yenyewe ilikuwa wazo la Gwakisa, mume wa Genoveva. Gwakisa aliendesha gari dogo la hoteli, kutwa anachukua wageni uwanja wa ndege na kuwarudisha, akizunguka Washington kama ng'ombe wa kukamulia alizeti. Kiangazi cha mwaka tisini na nane akasema amechoka na mzunguko, anataka barabara iliyonyooka. Akapakia familia kwenye steshenwagoni yao kuukuu, akanunua hema kwa mzungu mmoja wa Wheaton aliyekuwa anauza vitu vyake uani, na akatangaza kwamba wataendesha mpaka kwenye majangwa ya Utah, wakilala njiani humo humo porini.

"Baba Queen," Genoveva alimwambia, "kwetu Bukoba watu walijenga nyumba ili wasilale nje. Wewe unataka tuchome petroli wiki mbili tukalale nje?"

"Ndiyo maisha ya huku hayo, mama. Uta-enjoy."

Alikwenda, maana ndoa ni kuvumiliana. Na aliamua angalau safari hiyo izae kitu. Mama yake mzazi alikuwa amelalamika kwenye simu kwamba mjukuu hana lugha wala adabu, na neno lile lilimchoma. Basi njia nzima, Ohio, Kansas, milima ya Colorado, kila walipotandika hema, Genoveva alikuwa anamfundisha Queen: mkubwa anaamkiwaje, anayepewa kitu anasemaje, anayebishiwa hodi anaitikaje. Mtoto alikariri kwa unyonge, akisubiri aachiwe akacheze.

Wakafika jangwani. Ardhi ilikuwa nyekundu, tupu, haina mtu wala mti, na jua lilisimama utosini. Gwakisa alichukua gari akafuate maji kwenye bomba walilolipita mbali nyuma. Genoveva na Queen walijilaza hemani, zipu imefungwa kuzuia vumbi. Ndipo ikasikika sauti ya kike, tamu, jirani kabisa na kitambaa cha hema.

"Hodi."

Genoveva alicheka. Gwakisa alikuwa mtu wa mizaha, na kuigiza sauti za wanawake ndiyo ilikuwa fani yake kwenye sherehe. Akamgusa mtoto begani.

"Queen, mtu akipiga hodi unasemaje?"

"Come in."

"Kwa Kiswahili!"

"Hodi wenyewe," ikarudia ile sauti.

"Karibu," Queen alisema, nusu analia.

"Karibu wapi? Sema yote."

"Karibu ndani."

Zipu ikashuka. Ilishuka taratibu, jino kwa jino, mpaka chini, na nje hapakuwa na mtu. Uliingia upepo wa moto wenye harufu ya jiwe lililobabuka juani. Queen, bila kuambiwa, akasogea pembeni ya godoro, kama tunavyosogea kumpisha mwenzetu mkekani. Na kwa mbali sana, kule barabarani, ndiyo kwanza Genoveva akasikia mlio wa gari la mumewe likirudi.

Alijiambia ni upepo. Hakumwambia Gwakisa, kwa sababu alijua angechekwa mpaka Maryland.

Basi sasa walikuwa nyumbani, na Queen anaongea Kiswahili. Genoveva alifanya kazi ya usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee, akilala mchana, na mchana huo Queen alikaa na jirani wa mlango wa pili, Awino, Mkenya wa Siaya aliyekuwa muuguzi msaidizi kama yeye. Haikupita wiki, Awino akamvuta pembeni kwenye korido.

"Mama Queen, huyu mtoto alijifunza Kiswahili wapi?"

"Si tulikuwa naye safarini? Nilimkazania."

"Zii, si hicho chako. Anaongea kama wale wamama wa Lamu wa kitambo, mimi hata maneno ingine sielewi. Na ako na mtu anaongea naye."

"Michezo ya watoto hiyo, dada."

Awino aliangalia nyuma kabla ya kujibu. "Mchezo gani unajibu?" akanong'ona. "Mimi nimesikia ikijibu."

Genoveva alimwona mwenzake mwoga. Lakini tangu siku ile, akawa anayaona aliyokuwa anayapita. Mchanga mwekundu ndani ya kopo la sukari. Mchanga kitandani kwa Queen, upande wa ukutani, umbo la mtu mzima aliyelala ubavu. Mtoto alikuwa anakonda, maana kila sahani aliigawa nusu na kuisukuma ng'ambo ya meza, na nusu ile ilikauka hapo hapo kama iliyosahaulika juani siku nzima. Na mchana, Genoveva akiwa amelala, alisikia kabatini zipu ya hema ikifunguka taratibu, jino kwa jino. Akiamka kutazama, anakuta hema limekunjwa vile vile, likinuka jiwe.

Kilichomvunja ni televisheni. Alimkuta Queen amekaa mbele ya vikatuni alivyovipenda tangu anatambaa, uso umekunjamana, akitazama midomo ya wale wanyama.

"Mwanangu," Queen akamgeukia, "hawa wanasema nini?"

Genoveva alizima televisheni. Alikuwa ameshangilia kwamba mtoto amejua Kiswahili, kumbe aliyekaa pale hajui Kiingereza. Mtoto aliyezaliwa hospitali ya hapo hapo, aliyeota kwa Kiingereza! Na kama huyu ndiye anayesema, Queen yuko wapi? Swali hilo lilimkaa rohoni siku ile nzima, na hakuwa tena na swali jingine maishani.

Kesho yake Awino alikuwa kazini, Queen akabaki nyumbani; adhuhuri Genoveva alilala kwa sababu mwili ulimshinda, akaota anaitwa, akaamka akiwa amelowa jasho kwa joto ambalo kipoza hewa kilishindwa kulipunguza, na alipotokea sebuleni, mchana kweupe, akalikuta hema limesimamishwa katikati ya zulia, limekazwa barabara kama siku ile ya Utah, ambavyo Gwakisa mwenyewe hakuwahi kuliweza peke yake, na jua la dirishani lilikuwa linalipenya kitambaa kiasi kwamba aliona wazi kivuli cha mwanawe kimekaa humo ndani, mikono mapajani, na nyuma yake kivuli kingine, kirefu, kilichoinamisha kichwa ili kisiguse paa, kikimsuka nywele.

"Queen," aliita.

"Nyamaza," ikajibu sauti ya mwanawe. "Mwenzangu kalala."

Jioni ile Genoveva alimweleza mumewe kila kitu. Gwakisa hakucheka. Alimtazama mtoto wake, ambaye alikuwa amekaa kitako sakafuni akichambua mchele ambao hakuna aliyemwambia auchambue, akauma mdomo.

"Kwa hiyo mimi nilikuwa bombani," alisema, "na wewe ukamwambia mtoto akaribishe."

"Nilidhani ni wewe."

Hakumlaumu tena. Alimpigia simu Mchungaji Godlisten, aliyekuwa anaongoza ibada ya Waswahili Jumapili jioni, na mchungaji akaja na Biblia yake, akaomba kwa nguvu mpaka jirani wa juu akagonga sakafu. Queen alisikiliza kwa adabu. Alisema amina kila mahali panapostahili. Mchungaji alipoamuru pepo atoke, mtoto akamtazama kwa huruma kidogo.

"Mimi nilipiga hodi, nikakaribishwa," akasema. "Wewe umekaribishwa na nani?"

Godlisten alifunga Biblia. Mlangoni alimshika Gwakisa mkono akamwambia polepole kwamba ataendelea kuwaombea akiwa kwake.

Awino ndiye aliyemleta Bi Mwanakombo. Alikuwa mama wa Pangani, aliletwa na familia moja ya ubalozi kuwapikia, familia ikarudi, yeye akabaki Wheaton akiuza vitumbua na kugombana na watu kwenye simu. Alikuja amenuna.

"Mimi si mganga, nikwambieni mapema. Mganga alikuwa baba yangu, na nilihama nyumba kwa ajili ya hayo mambo yake. Nimevuka bahari, mnanifuata nayo huku!"

Lakini alipomwona Queen alikaa chini, akatoa viatu. Walitazamana muda. Halafu Bi Mwanakombo akamwamkia mtoto wa miaka sita: "Shikamoo." Na mtoto akaitika, "Marahaba," bila kushangaa.

Jikoni, mlango umefungwa, bibi yule alinong'ona. "Nani alisema karibu?"

"Queen. Lakini mimi ndiye niliyemlazimisha."

"Basi ndiyo hivyo. Huyu hakuwavamieni. Angekuwa kavamia, angepungwa kwa ngoma na ubani, akaondoka. Huyu kaalikwa. Mgeni wa kualikwa hafukuzwi, ukimfukuza ataondoka na mwenyeji wake. Huyu huagwa. Akafungashiwa, akasindikizwa."

"Lakini Bi Mwanakombo," Gwakisa alisema, "jini la Utah limejuaje Kiswahili?"

"Jini hana pasipoti, baba. Hubisha hodi kwa lugha ya aliyemo ndani. Pengine yuko huko tangu zamani za zamani, anabisha kwenye mahema ya watu, hakuna anayemwitika. Nyie mkamwitika."

Akawapa masharti. Wapike wali, waule pamoja naye, bila kununa. Wamfungashie mchele, sukari na kanga mpya. Aliyemkaribisha ndiye amsindikize, ampe mzigo wake njiani, waagane, ageuke. Asimfikishe kwake. Mtoto asije akasema "karibu tena", lile neno linalotutoka wote kwa mazoea. Na mgeni akiomba kitu kingine, atajiwe kitu, kimoja, chenye jina.

"Kwa nini kitajwe?" Genoveva aliuliza.

"Kwa sababu usipomtajia, atachagua mwenyewe."

Walikwenda Beltsville, kwenye mashamba ya utafiti ya serikali, ambako mahindi yamesimama pande zote za barabara. Bi Mwanakombo alipachagua kwa sababu moja tu: hapakuwa na nyumba karibu ambayo mgeni angeweza kupiga hodi. Jua lilikuwa linazama. Queen alishuka garini akajitwisha mzigo kichwani, yeye ambaye hajawahi kujitwisha hata kofia, akatangulia kwenye njia ya matrekta akiwa amenyoosha mkono wa kushoto pembeni, vidole vimefumbata vidole ambavyo hakuna aliyeviona. Wakubwa walimfuata kwa nyuma kidogo. Harufu ya jiwe la moto iliwafunika wote, hata Awino aliyebaki garini aliisikia.

Njia ilipokata kona, Queen alisimama, akatua mzigo. Bi Mwanakombo akapumua.

"Mmenikirimu," mtoto alisema kwa sauti ya mtu mzima. "Nimekula, nimelala, nimesukwa na kusuka. Mwenyeji wangu mwema sana. Atanisogeza kidogo tu, hadi kwangu."

Akaingia kwenye mahindi.

Genoveva hakukumbuka baadaye kama alipiga kelele, alikumbuka tu kwamba alikimbia, majani yakimkata uso, mbele yake gauni la manjano la mwanawe likionekana na kupotea, likionekana na kupotea, na kadiri alivyokimbia ndivyo joto lilivyozidi na ardhi chini ya viatu ilivyozidi kuwa ngumu na nyekundu, mpaka hakujua tena kama ni Maryland anayoikimbilia au kule, na alipomfikia akamkumbatia kiunoni kwa mikono miwili alikuta mkono wa kushoto wa mtoto umenyooka mbele, unavutwa, bega linataka kung'oka, na aliyekuwa anavuta hakuwa na haraka, alivuta kwa upole wa mtu anayemwondoa rafiki sherehe zikiisha.

"Mwenyeji ni mimi!" Genoveva alilia. "Mimi ndiye niliyemwambia aseme! Mwachie mtoto!"

Kuvutwa kukaongezeka.

"Mtajie kitu!" Bi Mwanakombo alikuwa anahema nyuma, kanga imenasa kwenye mahindi. "Genoveva, taja kitu! Kanga, pete, taja!"

Lakini mama ambaye bega la mwanawe linalia hana akili ya kutaja. "Chukua chochote!" alisema. "Chochote cha kwetu unachokipenda, chukua! Niachie mwanangu tu!"

Mkono ukaachiwa. Wote wawili wakaanguka chali. Joto likakatika ghafla, ikarudi jioni ya kawaida ya Beltsville, yenye unyevu na mbu. Queen alikuwa kifuani kwa mama yake, macho wazi, mdomo umefungwa. Na ndani ya mahindi, hatua chache kutoka pale walipoanguka, ikasikika sauti ya Queen. Ilikuwa yake kabisa, nyembamba, ile ya kukariri kwa unyonge hemani.

"Asante, mama. Nimepokea. Mbaki salama."

Mahindi yakagawanyika kuelekea upande wa jua, mstari mmoja, bila upepo, mpaka mwisho wa shamba. Genoveva aliubana mdomo wa mwanawe kwa kiganja, aone kama unacheza. Haukucheza.

Halafu mtoto akasogeza kile kiganja. "Mommy," alisema, "why are we in the corn?"

Haijawahi kutokea Kiingereza kikashangiliwa vile. Gwakisa alicheka na kulia kwa wakati mmoja, akambeba mtoto juu juu mpaka garini, na Awino akapiga magoti barabarani kumshukuru Mungu. Queen mwenyewe alitaka chipsi. Bi Mwanakombo peke yake hakushangilia. Alikaa kiti cha mbele, akifunga na kufungua pindo la kanga yake.

Genoveva alimpakata mwanawe nyuma. "Una njaa, mama?" alimwuliza.

Mtoto hakujibu.

"Queen. Una njaa sana?"

Queen alimtazama mama yake mdomoni, uso umekunjamana. Akainua shingo kumtafuta baba yake kwenye kioo. "Daddy, what is she saying?"

Gwakisa alipunguza mwendo.

"Keshajichagulia," Bi Mwanakombo alisema, akitazama nje.

Vuli ilipofika, Queen alikuwa amenenepa, anakwenda shule, na anajifutia tena jemu kwenye nywele. Mchanga ulikwisha. Hema Gwakisa alilitupa kwenye pipa la mtaa wa mbali. Walijaribu kumfundisha upya, neno moja moja, maji, mama, njoo. Alilishika jioni, na asubuhi lilikuwa limemtoka, wala hakukumbuka kwamba aliwahi kuambiwa. Bibi yake akipiga simu kutoka Bukoba, mtoto aliushikilia mkono wa simu sikioni kwa heshima, akiisikiliza ile sauti kama anayesikiliza mvua, kisha akaurudisha. Gwakisa alizoea, alikuwa na Kiingereza cha kutosha, cha mizaha na wageni wa hoteli.

Genoveva Kiingereza chake kilikuwa cha kazini. Kilikuwa na maneno ya dawa, ya shinikizo la damu, ya kugeuza mtu kitandani. Cha upole alikuwa nacho kimoja tu, kile alichowasemeshea wazee wake usiku, walipokuwa wanaelekea kufa na watoto wao hawajafika. Hicho ndicho alichompa mwanawe. Usiku mmoja wa likizo yake alimfunika, akampapasa paji la uso, akamwuliza polepole, "Are you comfortable, sweetheart? Do you have any pain?"

Queen aligeuza uso kumtazama. Akamwuliza, kwa kizungu chake chepesi, kwa nini siku hizi anamsemesha kama mtu anayekufa.

Jibu Genoveva alikuwa nalo. Lilikuwa refu, la tangu mimba yake mpaka siku ile ya mahindi, na lote la Kiswahili. Alimvutia blanketi mabegani, akazima taa.